Kabla Hujaongeza Kifurushi, Tafuta Neti Inakatikia Wapi

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Moshi ni hili: "Dada, neti inazunguka tu, ninunue kifurushi kikubwa zaidi?" Anayeuliza huwa ameshashika simu, kidole kiko kwenye menyu ya bando. Mimi humwomba aiweke chini kwanza. Nimekaa kwenye ufundi wa kompyuta muda wa kutosha kuona watu wakilipa mara mbili ya walivyozoea na ukurasa ukaendelea kuzunguka vilevile, kwa sababu kifurushi hakikuwa na kosa lolote. Inaniuma, maana wengi wao ni wanafunzi na watu wa mishahara ya kuhesabu, na hela hiyo ya ziada ilikuwa na kazi yake nyumbani.

Data yako inapita vipande vitatu vya njia. Cha kwanza ni kutoka kwenye laptopu mpaka kwenye ruta, au mpaka kwenye simu kama umeunga hotspoti. Cha pili ni kutoka hapo mpaka kwa kampuni inayokuuzia huduma, kwa faiba au kwa mnara. Cha tatu ni kutoka kwa kampuni kwenda duniani, kupitia Dar es Salaam na nyaya za chini ya bahari. Kifurushi kikubwa kinagusa kipande cha pili tu, tena si mara zote. Laptopu nyingi zinazofika mezani kwangu kwa malalamiko ya mtandao zina shida kwenye kipande cha kwanza, ndani ya mashine yenyewe au ndani ya nyumba.

Kipimo ninachoanza nacho hakihitaji kupakua programu yoyote. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, gonga Enter. Likifunguka dirisha jeusi andika ipconfig, kisha tafuta mstari wa Default Gateway. Namba iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta yako. Majumbani mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwenye hotspoti ya iPhone utakuta 172.20.10.1. Sasa fungua madirisha mawili ya namna hiyo na uyapange sambamba. Kwenye la kwanza andika ping -t ikifuatiwa na namba ya ruta; ping ni kama kubisha hodi, inatuma ujumbe mdogo na kupima jibu limechukua muda gani kurudi. Kwenye la pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyo wazi kwa kila mtu. Yaache yatembee dakika kadhaa huku ukiendelea na kazi zako, halafu yasome. Ukitaka kusimamisha, bonyeza Ctrl na C kwa pamoja.

Ruta iliyo ndani ya nyumba yako inatakiwa ijibu ndani ya milisekunde chache (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na isipoteze majibu. Ukiona inapanda mpaka 200, mara 400, mara "Request timed out", usiipigie kampuni simu bado. Mawasiliano yanaharibika kabla hayajatoka nje ya geti lako. Ruta ikijibu kwa utulivu lakini 8.8.8.8 ikawa inayumba, shida iko mbele ya ruta. Zote mbili zikiwa tulivu na bado tovuti hazifunguki, kuna mambo mawili ninayoyashuku, nitayafikia. Na kama ruta haijibu hata mara moja tangu mwanzo ilhali neti inapatikana, basi vipo vifaa vilivyopangwa kutojibu ping. Hapo tumia njia ya kulinganisha na simu, nitakayoeleza sasa hivi.

Kijana mmoja wa chuo alikuja na laptopu ya mtumba, nzuri tu, inayoshika Wi-Fi akiwa ameikumbatia ruta lakini akirudi chumbani kwake inapotea. Simu yake ilikuwa inashika vizuri mahali palepale, na huko ndiko kulinganisha nilikosema: simu ikishika na laptopu isishike, ishuku laptopu kabla ya ruta. Alishaambiwa anunue ruta mpya. Niliweka laptopu na simu yake pamoja mezani, mita mbili kutoka kwenye ruta yangu, nikaandika kwenye lile dirisha jeusi netsh wlan show interfaces. Amri hiyo inakupa mstari wa Signal kwa asilimia. Ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta bila ukuta wowote katikati, unatarajia tisini na kitu. Yake ilikuwa chini ya hamsini. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hii mashine ilishawahi kufunguliwa?" Akasema ndiyo, ilibadilishwa kioo.

Hapo ndipo penyewe. Watu wengi hawajui kuwa antena za Wi-Fi za laptopu nyingi ziko juu, kando ya kioo, nyuma ya ile fremu ya plastiki. Kutoka huko zinashuka nyaya mbili nyembamba sana, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe au kijivu, zinapita kwenye bawaba, zinaingia chini ya kibodi na kubanwa kwenye kadi ya Wi-Fi kwa vichwa vidogo vya duara visivyofika milimita tatu. Fundi akibadilisha kioo, kibodi, bawaba au hata diski, ni rahisi kichwa kimoja kikachomoka, au waya ukabanwa na bawaba mpaka ukakatika kwa ndani. Mashine inawaka, Wi-Fi inaonekana, mteja analipa na kuondoka. Shida inajitokeza akifika nyumbani, na huko analaumu mtandao.

Ya kijana huyu waya mmoja ulikuwa unaning'inia na mwingine umekaa upande. Kuurudisha kunahitaji mkono mtulivu, maana kichwa kile kinabonyezwa wima. Ukikisukuma kwa pembeni unavunja kitako chake kwenye kadi na kadi imekwenda. Tukafunga, tukapima tena palepale, ishara ikapanda mpaka ilipotakiwa kuwa. Hakununua ruta. Kwa hiyo ombi langu kwa mafundi wenzangu: kabla hujamkabidhi mteja mashine uliyofungua, pima ishara ya Wi-Fi kama unavyopima chaji na sauti. Na mteja, ukibadilishiwa kioo, jaribu Wi-Fi mbele ya fundi, kisha ondoka hatua kumi na kitu kutoka kwenye ruta ujaribu tena.

Kama antena ni nzima, angalia kadi yenyewe ni ya aina gani. Laptopu nyingi za bei nafuu, na za mtumba za miaka ya nyuma, zina kadi ya bendi moja tu ya mawimbi ya redio, yaani gigahezi 2.4. Andika netsh wlan show drivers usome mstari wa Radio types supported. Ukiishia 802.11b, 802.11g na 802.11n, kadi yako karibu hakika haioni bendi ya gigahezi 5. Ukiona 802.11ac au ax, basi inaiona. Tofauti ni kubwa kwenye nyumba za kupanga na hosteli. Bendi ya 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi, lakini ni nyembamba: chaneli, yaani njia ndogo ndani ya bendi, zisizoingiliana humo ni tatu tu, 1, 6 na 11. Nenda kwenye hosteli zilizo karibu na vyuo vyetu saa mbili usiku, kila chumba kina ruta ndogo au hotspoti ya simu, Bluetooth nazo zinatumia bendi hiyohiyo, na jikoni mwenye microwave anaipashia chakula humohumo. Hapo hata faiba ya kasi gani haitakusaidia kama laptopu haiwezi kuhamia bendi ya 5. Kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB chenye bendi mbili kinamaliza jambo hilo kwa gharama ndogo kuliko laptopu nyingine.

Nikiwa hapohapo kwenye 2.4, kuna jambo ambalo wateja wangu huwa hawaliamini mpaka waone wenyewe. Mama mmoja anayetunza hesabu za maduka alikuwa anakatika Wi-Fi kila akichomeka diski yake ya nje kuhifadhi kazi. Akiichomoa, neti inarudi. Ukweli ni kwamba vifaa vya USB 3.0 vikiwa vinasafirisha data vinatoa kelele ya redio inayoangukia kwenye bendi ya 2.4, Intel wenyewe walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Diski isiyozibwa vizuri, au waya wake mbovu, ikikaa karibu na antena inaizidi sauti ya ruta. Tulihamisha diski upande wa pili wa laptopu, tukatumia waya mrefu kidogo wenye ubora, na baadaye tukaipeleka Wi-Fi yake kwenye bendi ya 5. Haijakatika tena.

Nyumba nazo zina mchango. Hapa kwetu tunajenga kwa tofali zito, dirishani tunaweka nondo na wavu wa mbu wa chuma, halafu ruta tunaipa heshima ya kukaa ndani ya kabati la TV, nyuma ya kioo, au juu ya friji. Kijana anayesoma analala kile chumba cha uani, na kati yake na ruta kuna jiko, kuta mbili na tangi la maji la lita elfu moja. Maji na chuma ni maadui wakubwa wa mawimbi ya Wi-Fi. Toa ruta kabatini, ipandishe juu, iweke upande wa nyumba unaotazama uani. Kama bado, vuta waya. Kebo ya mtandao ya aina ya Cat 5e inaruhusiwa kufika mita 100, ipitishe ndani ya bomba la plastiki ili panya na jua visiifikie, na mwisho wake weka ruta ya pili ya bei ndogo. Mimi napenda waya kuliko kifaa chochote cha kurudufu Wi-Fi, na sitabadilisha mawazo hayo kirahisi. Angalia tu ncha zimebanwa vizuri: kasi ya gigabiti moja inahitaji jozi zote nne za waya, jozi moja ikiwa haijashika muunganisho unaweza kushuka mpaka megabiti 100 bila kukuambia kitu.

Kama Wi-Fi inalala baada ya laptopu kukaa dakika chache, fungua Device Manager, ingia Network adapters, bofya mara mbili jina la kadi ya Wi-Fi, na kwenye Power Management ondoa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Laptopu nyingi mpya hazina ukurasa huo. Na kama ubovu ulianza mara baada ya Windows kujisasisha, hapo karibu hakika ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Chukua draiva kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, au kwenye Driver bonyeza Roll Back.

Sasa niseme kuhusu ofisi. Dada mmoja ana ofisi ndogo ya utalii, anapandisha wageni Kilimanjaro, na simu zake za video na wateja wa nje zilikuwa zinakwama kwamakwama siku fulani fulani, hasa asubuhi. Kifurushi cha faiba alishakipandisha. Kompyuta zote ziko karibu na ruta, ishara zimejaa. Nilifungua yale madirisha mawili ya ping na kukaa pale. Ruta ilijibu milisekunde 2, nje ilijibu 40 hivi, kila kitu kizuri. Kisha mwongoza wageni wake akaingia, ametoka mlimani jana yake, akaunga simu na laptopu yake kwenye Wi-Fi. Muda si mrefu ile 8.8.8.8 ikapanda mpaka 600, ikafika 900, huku ruta ikiendelea kujibu 2.

Picha na video za Uhuru Peak zilikuwa zinapanda zenyewe kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Huduma nyingi zina kasi ndogo ya kupandisha kuliko ya kushusha, na njia ya kupandisha ikijaa, foleni inajengeka ndani ya ruta. Kila kitu kingine, hata yale maombi madogo ya kufungua ukurasa, yanasubiri nyuma ya video ile, kama watu walioshindwa kupita kwenye uchochoro wa soko la Mbuyuni kwa sababu mkokoteni wa viazi umeingia mbele yao. Sauti ya simu haiwezi kusubiri hivyo, ndiyo maana inakatika ya kwanza. Kuongeza kasi ya kushusha hakugusi foleni hiyo.

Dawa ilikuwa ni kuweka kikomo. OneDrive kwenye mipangilio yake inaruhusu kupunguza kasi ya kupandisha. Google Drive ya kompyuta nayo pia. Kwenye simu tulipanga picha zihifadhiwe jioni, kwa mkono. Na ruta yake ilikuwa na sehemu ya kugawa kipaumbele, inayoandikwa QoS, tukaipa kompyuta ya mazungumzo nafasi ya mbele. Kama ofisi yako ni ya utalii, Moshi au Arusha, ya upigaji picha, ya usanifu, au mna kamera za ulinzi zinazotuma video nje, nakusihi upime hili kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wanaotumia hotspoti, hasa wanafunzi: Windows mara nyingi haijui kuwa unatumia bando. Inaona Wi-Fi, inaanza kushusha masasisho, na wewe unaona neti nzito na MB zimekwisha. Ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, kwenye sifa za hotspoti yako washa Metered connection, yaani muunganisho unaolipiwa kwa kipimo. Pia tafuta Delivery Optimization uzime ile ruhusa ya kushusha kutoka kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu ikiwa wazi kwa intaneti nzima laptopu yako inaweza kuwapelekea wengine masasisho kwa bando lako.

Ukiwa juu kule Uru, Kibosho au Machame, ardhi yenyewe inakupa kazi. Nyumba moja iko mgongoni inauona mnara, ya jirani imeshuka kwenye korongo na haioni kitu. Usikae na simu mfukoni huku laptopu iko mezani. Weka simu dirishani upande unaotazama mjini, na uiunge kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi. Inachaji, haipati joto sana, na unaondoa kelele zote za 2.4. Simu za Android zinakuonyesha nguvu ya mnara kwenye taarifa za laini, kwa namba hasi: kwenye 4G, -85 ni nzuri, -110 na kushuka zaidi, kama -115, ni mbaya. Tembea nayo nyumbani na uwanjani ukiisoma, utashangaa hatua chache zinavyobadilisha namba.

Nilisema kuna mambo mawili ninayoyashuku ping zote zikiwa safi. La kwanza ni saa. Mwalimu mstaafu aliniletea laptopu kutoka Kibosho.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Hii mashine wameifungia mtandao. Barua pepe inakataa, tovuti zinakataa, zote zinasema si salama."

Niliangalia kona ya chini kulia. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na laptopu inayoamini kuwa leo ni zamani inaona vyeti vyote havijaanza kutumika, kwa hiyo inavikataa. Betri ndogo ya kwenye ubao mama, kwa mashine nyingi ni CR2032, ilikuwa imekwisha, na kila akichomoa umeme saa inapotea. Tukabadilisha betri, tukaweka tarehe, barua pepe zake zikafunguka zote. Alikuwa ametembea na tatizo hilo kwa wiki kadhaa akiamini amefungiwa.

La pili ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kama ping 8.8.8.8 inajibu lakini ping google.com inasema haijapata jina hilo, weka DNS ya 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya Wi-Fi, kisha andika ipconfig /flushdns.

Yakiisha yote haya na bado nje kunayumba, hapo kweli ni kampuni, au ni mbali zaidi ya kampuni. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika zote, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hizo hakuna draiva wala ruta itakayokusaidia, na anayekuuzia kifaa siku hiyo anakudhulumu.

Lakini siku za kawaida, ukipiga simu huduma kwa wateja, piga ukiwa na vipimo. Unga laptopu kwenye ruta kwa waya, zima vifaa vingine vyote, pima asubuhi, mchana na saa mbili usiku, uandike: ruta imejibu milisekunde ngapi, nje imejibu ngapi, majibu mangapi kati ya mia yamepotea. Kumbuka kasi wanayokuuzia ni ya megabiti, na megabaiti moja ni megabiti nane, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 10 kikikushushia faili kwa megabaiti 1.2 kwa sekunde hujaibiwa. Ukimwambia wa upande wa pili kwamba umepima kwa waya, ruta inajibu 1, nje inapoteza majibu kumi na tano kati ya mia kila saa mbili usiku, omba namba ya malalamiko na umwombe akupeleke kwa mafundi wa laini. Iandike namba hiyo pamoja na tarehe, utaihitaji ukipiga tena.